Sauti ya Dullo Adano: Risala ya Wakimbiaji wa Kiwanjani

Ilisomwa na katibu wetu, Kawira Ntongai, katika uwanja wa Isiolo, mwaka wa 1967

Mgeni rasmi, Bwana Mkuu wa Wilaya, wazee wetu, wazazi, na nyote mlioacha kazi zenu ili mfike hapa kabla ya saa za kutotoka nje: salaam aleikum, na habari za mchana.

KUKUKARIBISHA

Bwana Mkuu wa Wilaya, mwaka uliopita ulifika mtaani kwetu Kiwanjani mara nyingi, na karibu kila ulipofika kulikuwa na nyumba iliyochomwa au mtu wa kuzikwa. Leo tumekuita kwa furaha. Ndugu yetu Dullo Adano ni bingwa wa mkoa wa mbio za maili tatu, na juma lijalo anakwenda Nairobi kushindana na wenye mbio wa nchi nzima. Tumeona usikie kutoka kwetu jinsi alivyofika hapo, maana hakufikishwa na miguu peke yake.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianzishwa na Bwana Gikunda, karani wa karantini ya mifugo, yule pale aliyevaa koti na jua lote hili. Alianza na vijana wachache waliokuwa wakichunga ng'ombe wa karantini: Waborana, Waturkana, Wameru na Wasomali. Wakati majirani walikuwa wameanza kuogopana kwa vita hivi vya shifta, sisi tulikuwa tunakimbia pamoja kila asubuhi mpaka mtoni na kurudi.

Dullo alitujia kutoka Sericho. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye pumzi isiyokatika. Shida yake ilikuwa moja tu, kusema. Ukimuuliza jina aliangalia chini, akalitaja kama mtu anayeomba msamaha. Siku za amani hiyo ni haya ya kawaida. Lakini siku hizi, askari akimuuliza kijana wa Kiborana jina lake na kijana akaangalia chini, askari anaona mtu mwenye jambo la kuficha.

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi moja Dullo alikuwa ametutangulia mbali, akakuta kizuizi cha askari ambacho jana yake hakikuwapo. Aliambiwa simama, akasimama.

"Wewe ni nani? Unakimbia nini?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikaa kooni, likakataa kutoka. Alikuwa anawaza kwamba hata akisema kweli ataonekana mwongo, na kadiri alivyowaza ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito. Alifungwa mikono, akatiwa kwenye lori. Sisi wa nyuma tulipofika tulikuta vumbi tu. Bwana Gikunda alishinda kituoni akimwelezea kila aliyekubali kumsikiliza, mpaka jioni wakamwachilia.

Dullo alipotoka alisema hakimbii tena.

"Mwalimu, miguu ndiyo imeniponza."

"Miguu yako haina kosa," Bwana Gikunda alimjibu. "Ilikimbia vizuri, na ulipoambiwa usimame ilisimama vizuri. Kilichokushinda ni kusema. Na kusema kunafundishwa, kama mbio."

Tangu juma lile, kabla ya mazoezi, kila mmoja wetu alisimama mbele ya wenzake, kichwa juu, akasema kwa sauti jina lake, kwao, na atakalofanya siku ile. Mwanzoni tulichekana sana. Mzee Molu, anayeuza maziwa sokoni, alikuja kulalamika kwamba vijana wanafundishwa kujigamba, na mtu wa heshima hajisifu.

"Mzee," Bwana Gikunda alimwambia, "asiyefanya mazoezi akisema atashinda, huko ni kujigamba. Aliyefanya mazoezi anasema tu kile anachokijua."

Mzee Molu alikaa kwenye jiwe, akatazama mazoezi mpaka mwisho, na kesho yake alikuja tena, safari hii na maziwa yetu.

Dullo ndiye aliyechelewa kuliko wote. Siku nyingi alitaja jina lake akakaa. Halafu asubuhi moja, hatujui kilichomwamsha, aliinua kichwa akasema, "Mimi ni Dullo Adano wa Sericho. Leo nitafika mtoni kabla ya Guleid."

Guleid, mwenzetu Msomali, ndiye aliyekuwa na mbio kuliko sisi sote wakati huo, na alicheka. Dullo alifika kabla yake. Alitusimulia baadaye kwamba katikati ya njia mwili ulitaka kulegea kama kawaida yake, lakini aliona aibu kuyaacha maneno yake yafike mtoni peke yake. Ikabidi ayafuate.

TULIYOYAFANYA

Mgeni rasmi, ni wewe uliyetutilia sahihi vibali vya kwenda Embu kwenye michezo ya mkoa. Asante. Yaliyotokea huko huenda hukuambiwa yote.

Tulipoingia uwanjani na fulana zilizoandikwa Isiolo, watu waliokaa kwenye nyasi walianza kutuita shifta, kana kwamba sisi ndio wale waasi wa porini. Wengine walikuwa wanatania, wengine hawakuwa wanatania. Wakimbiaji wa maili tatu walipoitwa, msimamizi mmoja alimtoa Dullo kwenye mstari.

"Huyu anatoka huko kwa vita," aliwaambia wenzake. "Tujue kwanza ni nani, ndiyo akimbie."

Bwana Gikunda alitaka kwenda kumsemea. Sisi tulishika vichwa, maana tulimwona Dullo akiangalia chini, na tukajua siku imeharibika. Kumbe alikuwa anavuta pumzi. Aliinua uso, akamtazama yule bwana machoni, na sauti yake ikafika mpaka kwa waliokaa kwenye nyasi.

"Mzee, mimi ni Dullo Adano. Kwetu ni Sericho, timu yangu ni Isiolo. Kibali changu ni hiki. Nimekuja kukimbia maili tatu na nitamaliza wa kwanza. Nikimaliza nitakuja hapa hapa kwako, uniulize maswali yote."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeelekeza mgeni njia. Msimamizi alijikuta amesogea pembeni.

Mbio zilipoanza wenye viatu vya misumari walitangulia, naye na miguu yake mitupu akawa katikati ya kundi. Katikati ya mbio akasogea. Ulipobaki mzunguko mmoja walikuwa wawili tu, yeye na kijana wa Meru mwenye nguvu sana, na tuliona midomo ya Dullo ikicheza. Yule Mmeru alituambia baadaye, akicheka, kwamba hakujua kama anashindana na mtu mmoja au wawili, maana mwenzake alikuwa anaongea Kiborana njia nzima. Kwenye kona ya mwisho Dullo akamwacha. Wale wale wa kwenye nyasi walikuwa wamesimama, wakiita Isiolo, Isiolo, na sisi tulilia bila kuficha.

Kabla ya kunywa maji, Dullo alirudi kwa msimamizi kama alivyoahidi. "Sasa uliza, mzee."

Yule bwana alimtazama, akatazama miguu yake iliyochubuka. "Nina swali moja," akasema. "Chai yako unataka na maziwa?"

Bwana Mkuu wa Wilaya, kombe uliliona. Lakini tunalojivunia zaidi ni yaliyofuata. Everline Akaale, msichana wa hapa Kiwanjani, alimsikia Dullo akisimulia safari ile. Jioni hiyo alisimama mbele ya baba yake, Mzee Lobokat, akamwambia, "Baba, nataka kukimbia, na nitakimbia vizuri." Mzee alimuuliza nani amemfundisha kusema hivyo. Alipotajiwa jina la Dullo, akamwambia amalize kuteka maji kwanza. Mwezi uliopita Everline aliwashinda wasichana wote wa shule za wilaya, na nyuma yake sasa wapo wengine wengi, wa kila kabila, wanaotaja majina yao bila kuangalia chini. Kwenye kile kizuizi cha barabarani nako, askari humwita Dullo kwa jina kabla hajafika, wakamuuliza leo atafika mtoni kwa dakika ngapi.

YANAYOTUSUMBUA

Kusema hakumalizi kila shida. Wasichana wetu hawaruhusiwi kupita kizuizi asubuhi, wanazunguka hapa uwanjani katikati ya malori ya askari. Guleid alinyimwa kibali cha kwenda Embu, na alikuwa na mbio za kutosha. Na wapo wakimbiaji wetu ambao wazazi wao wako katika vijiji vya ulinzi, vilivyozungushiwa ua na askari, hawatoki, wala habari za watoto wao haziwafikii.

TUNAYOYAOMBA

Tunaomba wasichana wafike mtoni asubuhi pamoja na sisi. Tunaomba Guleid apewe kibali cha Nairobi.

Ombi la tatu hatukuliandika. Dullo amesema atalisema mwenyewe.

(Hapa katibu alishusha karatasi. Dullo alitoka mstarini, akaja mpaka mbele ya meza ya mgeni rasmi. Kichwa kilikuwa juu.

"Bwana Mkuu wa Wilaya, mimi ni Dullo Adano. Mama yangu yuko Sericho, ndani ya ua wa kijiji. Hajawahi kuniona nikikimbia tangu niwe mtu mzima. Naomba aje Isiolo aone mbio moja, kisha nikienda Nairobi nitashinda."

Mkuu wa Wilaya alivua kofia, akaiweka mezani. Aliongea chini kwa chini na karani wake, halafu akasimama.

"Lori la unga linakwenda Sericho kesho," alisema. "Litarudi na mama yako. Na huyo Guleid aje ofisini. Wasichana wataanza Jumatatu."

Dullo alisema asante, kwa sauti ile ile. Ilibidi katibu angoje muda mrefu kabla ya kuendelea, kwa vigelegele.)

Mgeni rasmi, tulikuwa tumeandika maneno mengi ya kukubembeleza, na sasa hayana kazi. Mungu akulinde barabarani, akupe afya na nyumba yenye utulivu. Ailetee Isiolo mvua na amani, watu walale bila hofu na waamke na nguvu.

Ni sisi,
Wakimbiaji wa Kiwanjani, Isiolo.