Kizibo cha Katambuga

Kijiwe cha Mtaa wa Sikukuu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka lililofungwa, birika la kahawa juu ya mkaa, na wazee watatu ambao huwezi kumkuta mmoja bila wenzake. Pantaleo wanamwita Treni, kwa sababu zamani alisafisha injini za reli. Filbert ni balozi wa nyumba kumi, basi jina lake ni Balozi, na hata akiomba sukari utadhani anafungua mkutano. Seifu ni fundi viatu, anakata makatambuga kwenye matairi mabovu, na yeye ndiye Katambuga. Gari letu, Moris dogo la kijivu, lilikuwa limeshazimika mbele ya benchi hilo mara nne ndani ya wiki tatu. Jumapili ile lilizimika mara ya tano, saa tatu na nusu asubuhi, mimi nikiwa nimekaa nyuma na godoro langu.

— Limefika! — alisema Balozi kabla Baba hajafungua mlango. — Songeeni, Bwana Anselmi akae.

— Shikamooni, — nilisema nikishuka.

— Marahaba, binti. Leo mna godoro. Mnahama?

— Naenda chuoni, Bagamoyo. Nakwenda kujifunza ushonaji.

— Bagamoyo! — Treni akaligeukia gari. — Na hili hili?

Shule niliacha nikiwa kidato cha pili, Mama alipougua na wadogo zangu wakabaki bila wa kuwaangalia. Mama alipopona nikaanza kutafuta nafasi, na hii niliingoja miaka miwili. Barua ya chuo ilisema turipoti Jumapili; asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine. Basi la Bagamoyo halikuwapo siku hiyo. Na magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili nchi iokoe petroli. Kwa hiyo tulitakiwa tuwe tumeshafika kabla ya saa nane, na Baba alale huko arudi Jumatatu. Gari letu lilikuwa linakwenda kama maili tatu hivi linazimika, linapumzika nusu saa, ndipo linawaka tena. Mpaka Bagamoyo ni zaidi ya maili arobaini. Hesabu hiyo niliianza njiani nikaiacha bila kuimaliza.

Baba akapokea kikombe.

— Jamani, leo sina muda wa mzaha. Nambieni, hili gari lina nini?

— Mimi nilishasema, — alijibu Treni. — Kabureta. Wiki iliyopita niliipuliza kwa mdomo wangu huu. Liliwaka, halikuwaka?

— Liliwaka, — alisema Baba.

— Ngoja kwanza, — Balozi akainua mkono. — Alhamisi kabureta haikuguswa na mtu. Mimi niliagiza gari ligeuzwe litazame Mnazi Mmoja. Likageuzwa. Liliwaka, halikuwaka?

— Liliwaka.

— Na mimi je? — Katambuga akaacha kiatu alichokuwa anashona. — Siku ile nililimwagia kahawa kwenye injini, kikombe kizima, tena kahawa ya kununua! Liliwaka kabla mvuke haujaisha.

— Liliwaka pia, — Baba akakubali, kwa sababu ilikuwa kweli.

Hilo ndilo lililonisumbua mimi. Kila dawa ilikuwa imefanya kazi, na hakuna hata moja iliyoponya.

— Basi ajenda iwe hii, — alisema Balozi. — Kwa nini hapa? Mji una mitaa chungu nzima, lakini gari linachagua benchi letu.

— Sumaku, — alisema Katambuga.

— Sumaku ya nani?

— Wajerumani walifukia chuma hapa chini wakati wa vita. Babu yangu aliwaona kwa macho yake.

— Babu yako alikuwa Kilwa, wewe!

— Alikuja kutembea.

— Sawa, alikuja kutembea. Mbona hiyo sumaku haivuti misumari yako?

— Misumari yangu ya siku hizi. Gari lile chuma chake cha zamani, ndiyo maana wanafahamiana.

Treni alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Balozi hakucheka. Alimgeukia Baba kama hakimu.

— Kabla yako, gari lilikuwa la nani?

— La daktari mmoja wa Upanga.

— Na huyo daktari alikuwa anakunywa kahawa saa ngapi?

— Nitajuaje mimi, Balozi?

— Saa tatu na nusu. Madaktari wote ndivyo walivyo. Sasa gari limeshazoeshwa. Likisikia harufu ya birika linajua bosi anashuka, nalo linazimika. Hili si gari bovu, bwana. Hili lina adabu.

— Usicheke, — Treni akaniambia, ingawa aliyekuwa anacheka ni yeye. — Hata reli tulikuwa na injini moja, haipiti Morogoro bila kusalimiwa. Dereva anashuka, anavua kofia, "Habari ya safari, mama." Ndipo inavuta.

— Mama?

— Ilikuwa ya kike. Kila mtu alijua.

Nilitazama saa ya Baba. Ilikuwa saa nne kasoro kumi. Nikaona bora niseme nilichokuwa nakifikiria tangu tulipozimika, hata kama wangesema mtoto anaingilia maongezi ya wakubwa.

— Samahani. Siku ile tuliporudi na samaki kutoka Kivukoni, lilizimika Keko. Keko hapakuwa na birika.

— Keko kuna gereza, — alisema Balozi. — Liliogopa.

— Lakini kutoka Kivukoni mpaka Keko, na kutoka kwetu Temeke mpaka hapa, umbali ni karibu sawasawa.

— Sawasawa, halafu? — aliuliza Treni.

— Sijui. Nasema tu ni sawasawa.

Baba alinitazama, akaweka kikombe chini.

— Anachosema ni kweli. Siyo mtaa. Ni mwendo.

— Basi linachoka! — Treni akadaka. — Chuma kinachoka kama mtu. Hili pumzi yake ni maili tatu. Mimi mwenyewe pumzi yangu ni maili tatu, na sijawahi kupelekwa kwa fundi.

— Mbona zamani halikuchoka? — alisema Baba. — Mwezi uliopita tulikwenda Kibaha likarudi bila neno. Nimesafisha plagi. Nimepiga pointi msasa. Pampu nimeifungua mara mbili. Nyaya nimebadilisha. Kitu pekee ambacho sijakikagua ni kizibo cha tanki.

— Na usikiguse! — alisema Katambuga.

Kifuniko chenyewe cha tanki kiliibwa usiku mmoja, baada ya safari ile ya Kibaha, pamoja na petroli yote. Baba alizunguka maduka ya Kariakoo siku tatu, kila mahali hakuna. Ndipo Katambuga akamkatia kizibo kwenye tairi la lori, tabaka saba, gundi kati ya kila tabaka, akakichonga kwa kisu mpaka kikaingia kwenye mdomo wa tanki kwa kupigwa na kiganja. Mwizi hakukiweza tena.

— Weka pua pale, — Katambuga alituambia, kama alivyotuambia kila mara. — Weka. Utasikia harufu? Husikii. Hata harufu haitoki.

— Kwa kizibo sina neno, — alisema Balozi.

— Kizibo ni kazi, — alisema Treni.

Lilikuwa ndilo jambo pekee katika gari lile ambalo watatu hao walikubaliana juu yake.

Wakati huo mama mmoja alisimama mbele ya benchi, akatua debe la mafuta ya taa kutoka kichwani. Hakuwa mtu wa kijiwe. Mimi nilikuwa nimemwona mara moja tu, akiuza mafuta nyumba kwa nyumba. Jina lake Bi Zamzam. Alisalimia, akaomba kahawa, akakaa juu ya jiwe.

— Mama, hapa tuna kikao, — Balozi alimwarifu.

— Endeleeni. Mimi napumzisha shingo.

Wakaendelea. Treni sasa alikuwa anasema labda gari lisemeshwe kidaktari. Bi Zamzam alikunywa nusu kikombe, macho yake kwenye matako ya Moris.

— Kile cheusi ndicho kifuniko? — aliuliza.

— Ndiyo, — Katambuga alijibu kwa furaha.

— Kimebana?

— Kimebana kuliko mlango wa benki.

— Na mafuta yanatokea upande mwingine?

— Yanavutwa na pampu, yanakwenda mbele, — alisema Baba.

— Haya. Sasa mafuta yakitoka, hewa inaingilia wapi?

Baba akainuka kwenye benchi.

— Hewa ya nini? — aliuliza Katambuga. — Gari linakunywa petroli.

Bi Zamzam hakubishana naye. Alilivuta debe lake, akaondoa vijiti viwili vilivyoziba matundu mawili juu yake. Akaliinamisha juu ya kikopo chake cha kupimia. Mafuta ya taa yakatoka kwenye tundu la chini kwa mstari mmoja mzuri. Kisha akaweka kidole gumba juu ya tundu la pili. Mstari ukaanza kukatika. Ukagugumia, ukawa matone, ukasimama.

— Yameisha? — alituuliza.

Debe lilikuwa bado zito mkononi mwake.

— Hayajaisha, — nilisema mimi.

— Hayajaisha.

Akaondoa kidole. Mafuta yakatiririka tena.

Baba alikwenda nyuma ya gari akashika kizibo. Hakikutoka. Petroli ilikuwa imeuvimbisha ule mpira, na kitu kingine kilikuwa kinauvuta kwa ndani. Treni akashikilia bampa, Baba akavuta kwa mikono miwili, akakanyaga lami. Kizibo kikachomoka ghafla, na tanki likavuta hewa kwa sauti ndefu, fyuuuu, mpaka muuza kahawa akageuka.

— Evarista, washa swichi tu. Usipige stata.

Nikaingia garini, nikazungusha ufunguo. Pampu ikaanza kugonga, ta-ta-ta-ta-ta, haraka, halafu polepole, halafu ikanyamaza, kabureta ikiwa imejaa.

— Linakunywa, — alisema Bi Zamzam.

— Kitobolewe, — alisema Baba, akamnyooshea Katambuga kizibo.

Katambuga hakukipokea.

— Tabaka saba, Bwana Anselmi. Nitoboe kazi yangu mwenyewe?

— Tupige kura, — alisema Balozi.

— Kura ya nini? — Bi Zamzam alimkatiza. — Mtoto anakwenda chuo, na nyinyi mnalinda kizibo?

Katambuga alinitazama mimi, akalitazama godoro. Kisha alichukua kile chuma chake chenye mdomo wa mviringo cha kutobolea mikanda, akakilaza kizibo juu ya kigogo na kupiga nyundo. Alipiga muda mrefu. Kila alipotoa kipande cha mpira alikiweka pembeni kwa utaratibu. Mwisho alikipeleka kizibo mdomoni, akapuliza, na kwa kiganja chake upande wa pili akasikia pumzi yake mwenyewe.

— Haya, — alisema kwa huzuni. — Sasa harufu itatoka.

Baba akakirudisha, mimi nikarudi nyuma kwenye godoro, naye akaingia garini, akawasha. Moris likawaka mara ya kwanza. Balozi akapiga makofi.

— Kikao kimefungwa!

Lakini Baba hakutabasamu. Alikaa na mikono kwenye usukani.

— Hapa linawaka siku zote, — alisema. — Leo limepumzika saa nzima. Lingewaka hata kama tungeliimbia.

Wote waliokuwa wamelitibu walijua lilivyowaka mikononi mwao.

— Lijaribu kidogo, — alisema Treni. — Zunguka maili nne urudi.

— Petroli niliyonayo ni ya kwenda na kurudi tu. Nikiitumia kuzunguka, Bagamoyo hatufiki. Na nikiondoka, likazimika huko mbele ya Mwenge, hakuna wa kutusukuma. Saa nane itatukuta barabarani, gari litakamatwa, na wewe nafasi umekosa. — Akageuza shingo kunitazama. — Tukirudi nyumbani sasa, angalau gari litabaki. Evarista, safari ni yako. Tunakwenda au tunarudi?

Alikuwa ananiuliza kweli. Niliangalia nje. Bi Zamzam alikuwa anarudisha vijiti vyake kwenye matundu, hana habari na sisi. Nilifikiri juu ya kidole chake. Kabureta sikuiona ndani, wala sumaku sikuiona, wala daktari wa Upanga sikumjua. Lakini mafuta yale niliyaona yakisimama, na niliyaona yakitoka tena.

— Twende, Baba.

Tuliondoka. Kwa nyuma nilisikia Katambuga akisema ile kahawa yake ndiyo iliyoanza kulilegeza, na Balozi akimwambia asubiri zamu yake ya kuzungumza.

Tulipita Upanga, tukavuka daraja la Salenda. Baba aliendesha kichwa chake kikiwa kimeinama kidogo upande wa injini. Mimi nilikuwa natazama namba za maili kwenye dashibodi zikijigeuza. Mbili. Tatu. Baba akapunguza mwendo bila sababu. Tatu na nusu. Nne. Nilishika ukingo wa kiti cha mbele. Tano. Tukapita Mwenge, nyumba zikaanza kuachana, sauti ya injini ikawa ile ile. Hakuna aliyesema neno, kama vile tungeongea tungelishtua.

Tulipofika Tegeta, Baba akakohoa.

— Mama yako amekufungia sabuni?

— Ndiyo. Vipande viwili.

— Vizuri. Usiwaazime watu ovyo, itakuishia.

Hapo ndipo nilipojua kwamba ameacha kulisikiliza gari.