Winrose Muhonja na Kinywa Ambacho Kliniki ya Meno Haikukiangalia

Tarehe 30 mwezi huu Bi. Winrose Muhonja anastaafu, baada ya kuitumikia kliniki yetu ya meno kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ilinipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimeketi naye chumba kimoja muda mrefu kuliko wengine. Nilikubali haraka, kisha kila nilipoanza kuandika nikaona haya. Someni, mtajua ni kwa nini.

Alikuja Kakamega mwaka 1994, afisa wa afya ya kinywa, mwembamba, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Kazi yake aliyoipenda zaidi ilikuwa shuleni. Amezunguka kutoka Khwisero hadi Malava na meno makubwa ya plasta aliyoyabeba kwenye kikapu cha kuku, pamoja na mswaki mrefu kama mwiko wa kusongea obusuma, ugali wetu. Kuna mwalimu mkuu mmoja aliyekiona kile kikapu akatuma mtu jikoni asonge ugali mara moja, akidhani mgeni amekuja na kitoweo.

Upande wa Kabras alipigana vita ambavyo hakuwahi kushinda. Aliwasihi wakata miwa waache kumenya muwa kwa meno, watumie mapanga waliyonayo mkononi. Mmoja wao, Griffin, alikuja na jino lililopasuka. Winrose akamhudumia vizuri, na wiki iliyofuata Griffin akamletea shukrani: mzigo mzima wa miwa. Winrose alicheka hadi akaketi sakafuni. Siku hizo alikuwa akicheka kinywa wazi, na kicheko chake kilisikika hadi kwenye dirisha la dawa.

Mumewe, marehemu Wanjala, fundi wa kuchomelea vyuma huko Sigalagala, alifariki mwaka 2021. Winrose aliporudi kazini baada ya matanga tulimpa pole, tukaona tumemaliza. Wakati huo sote tulivaa barakoa. Wengine tulipozivua, yeye aliendelea kuivaa: kazini, kanisani, hata langoni akinunua mboga. Sisi, watu tunaolipwa kuangalia vinywa, tuliona bidii tu. Mwisho wa mwaka 2023 tukamtunuku cheti cha mfanyakazi anayezingatia usafi kuliko wote. Nikiandika sentensi hiyo nataka kuingia chini ya meza.

Siku ya cheti tulimchinjia ingokho. Kila mtu wa hapa anajua uzito wa kuku aliyechinjwa kwa jina lako. Winrose alisema tumbo linamsumbua, akaomba afungiwe aende nayo nyumbani. Jikoni maneno yakaanza: anaringa, anadharau chakula cha watu. Hakuna aliyetoka kwenda kumuuliza. Nami nilikuwa humo jikoni.

Ukweli ni kwamba tangu mazishi alikuwa amelemewa na msongo wa mawazo. Asubuhi alipata nguvu za kuvaa sare na kufika kazini, basi. Mswaki ulibaki kwenye kikombe. Jioni alikunywa chai yenye sukari nyingi akalala bila kula. Dawa alizoandikiwa ili apate usingizi zilimkausha mate, na mate yakikauka meno hayana mlinzi. Fizi zikaanza kuvuja damu, meno ya mbele yakalegea, mawili yakatoka. Kadiri alivyoona aibu ndivyo alivyojifungia, na kadiri alivyojifungia ndivyo kinywa kilivyozidi kuharibika. Mtu aliyewafundisha watoto wote hao kupiga mswaki angemwambia nani?

Tulikuja kujua mwezi Machi mwaka jana. Mama mmoja kutoka Lugari, Gentrix, aliketi kwenye kiti cha meno akifunika mdomo kwa leso. Alipoiondoa, Dkt. Kipsang, ambaye ameniruhusu nimtaje, akapandisha sauti kama tulivyozoea sote, mlango ukiwa wazi: "Mama, na wewe unapiganga mswaki kweli?" Watu kwenye benchi wakacheka. Gentrix akashuka kitini, akachukua mfuko wake aende.

Winrose alimshika mkono, akafunga mlango, akashusha barakoa mbele yetu sote. "Angalia, mama," akamwambia. "Hata mimi siku zingine nakaa tu hivyo, bila kupiga mswaki. Bwana alienda, nikashindwa. Keti, hapa hakuna mtu atakucheka tena." Gentrix alimtazama, akaketi, akalia, ndipo akasema kwamba naye alikuwa amezika mtoto. Dkt. Kipsang alitoka nje akasimama karibu na tangi la maji. Mimi nilibaki na trei ya vyombo mkononi, sijui niiweke wapi.

Yaliyofuata ndiyo mafanikio yake makubwa, ingawa yeye hapendi neno hilo. Alikubali kutibiwa: kinywa hapa kwetu, na mawazo kwa muuguzi Weldon Kimutai wa kliniki ya afya ya akili. Kisha akatukalisha sote meza moja. Siku hizi mgonjwa akija na kinywa kilichoharibika tunafunga mlango, tunamuuliza analala vipi na nyumbani kukoje, ndipo tunamwomba afungue mdomo. Wagonjwa wa Kimutai nao huletwa kukaguliwa meno, kwa kuwa baadhi ya dawa zao hukausha mate. Gentrix bado huja, na leso yake siku hizi huiacha mabegani.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilikuwa sifa tupu. Winrose aliisoma, akanirudishia, akasema kama siandiki habari ya meno yake basi nisiandike lolote. Akaongeza kwamba bado hajapona kabisa. Zipo asubuhi anazoshindwa, na anachokiogopa sasa ni kustaafu kwenyewe: nyumba tupu, na hakuna kazi ya kumtoa kitandani.

Basi, Winrose, asante kwa kazi yako, na asante kwa kuufunga ule mlango. Tunakuombea pumziko jema, usingizi wa kutosha na moyo mwepesi. Kila Jumatatu asubuhi mmoja wetu atapitia kwako. Ukitufungulia umejipanga, tutakunywa chai. Ukitufungulia hujanawa hata uso, tutakunywa chai. Tulikaa karibu nawe miaka hiyo yote bila kukuuliza uko vipi. Tunakuomba radhi, na tunakuja kuuliza.