Mahindi Yasiyoonja Dawa

Asubuhi ya mwezi wa nane mjini Sumbawanga, pale Katandala, baridi haina adabu, na benchi lililo mbele ya mashine ya kusaga halikosi watu. Ni enzi za soko huria: ushirika hauji tena kununua mahindi, ila kila mkulima ana ruhusa kamili ya kubaki nayo. Mzee Clemens, ambaye kijiwe kizima humwita Baba Daktari, alikuwa na magunia arobaini ghalani na barua ya mwanawe kwenye mfuko wa koti. Huyo mwana, Flavian, alisomea fizikia Ulaya miaka saba, akarudi Dar es Salaam na udaktari wake kuwa mtaalamu wa kuhifadhi chakula kwa mionzi. Barua yake ilishasomwa benchini hapo mpaka Eustace muuza kahawa akaikariri. Mstari mmoja tu hawakuujua, kwa sababu mzee hakuwahi kuusoma kwa sauti: "Mashine yenyewe, baba, bado haijafika nchini. Usinisubiri, tia dawa ya dumuzi."

Hakutia. Angetiaje, naye alishatangaza mpaka nje ya kanisa kwamba nyumba yake haitakula sumu tena?

— Shikamoo, Baba Daktari, alisema Ruksa, kijana wa mitumba, aliyekuwa amevaa makoti matatu, yote ya kuuza. Mionzi inafika lini?

— Marahaba. Inakuja. Mvumilivu hula mbivu.

— Kwani inafanyaje kazi, mzee wangu?

— Inapita ndani ya gunia bila kulifungua. Dumuzi anakufa, punje haina habari.

— Basi hiyo ni radi! akadakia Bwana Redio, mwalimu mstaafu asiyekosa taarifa ya habari. Inapita ukuta, inamchagua mmoja, wengine inawaacha! Mtoto wa Sumbawanga anapelekwa Ulaya kusomea radi? Si angemuuliza marehemu babu yangu, kwa kuku mmoja tu?

— Ndiyo maana wahenga wakasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, alisema Eustace akimimina. Na migebuka, samaki wa Kasanga, je? Ukiimulika, si itafika Dar inahema?

— Sikilizeni, alisema Bwana Redio. Chakula hicho hakiozi. Kisipooza, tumboni nako kinakaa. Unakula leo, unashiba mwaka.

— Ala! Ruksa akajipiga paja. Kumbe ndiyo masharti ya mikopo ya wazungu! Tule Krismasi, tufunge mkanda mpaka Krismasi!

Baba Daktari alicheka kuliko wote. Kicheko kilimsaidia kusahau sauti aliyoisikia alfajiri, alipotega sikio kwenye ukuta wa ghala: kwaru, kwaru, kwaru, kama ng'ombe wanacheua. Mkewe, Cornelia, alimwambia ni upepo. Yeye mwenyewe aliogopa hata kufungua mlango.

— Lakini ghala umelichungulia, mzee? aliuliza Ruksa.

— La nini? Haba na haba hujaza kibaba.

Lori la mchele kutoka Mtowisa, bondeni kwenye joto, likasimama. Akashuka mama mmoja wa Kisukuma, Kabula, akitetemeka ndani ya kitenge.

— Shikamooni, baba zangu. Nimeelekezwa kwa mzee mwenye mahindi. Nikishusha mchele, lori linarudi tupu. Nachukua yote.

Tangu mavuno hajatokea mnunuzi. Baba Daktari akasimama na kunyoosha koti.

— Marahaba, mwanangu. Ni mimi. Mahindi safi, hayajaonja dawa.

— Nionyeshe punje basi.

Hilo lilikuwa jepesi. Siku ya kufunga ghala alitia mfukoni konzi moja ya mahindi yale, ya kumwonyesha mnunuzi, ikakaa humo pamoja na barua, ambayo haikutolewa tena tangu ikaririwe. Akaingiza mkono. Akautoa taratibu, akaufumbua.

Kiganja kilikuwa cheupe. Vumbi, makapi, na dumuzi wawili wakitembea bila haraka. Mzee alitamani ardhi ipasuke.

Kabula hakucheka. Alichovya kidole katika ule unga, akautazama, akaitazama mashine ya kusaga nyuma ya benchi, kisha akauliza kwa heshima zote:

— Baba, kumbe umeshasaga?

Ruksa alijifanya anafunga vifungo. Bwana Redio akachungulia kikombe chake. Eustace akatikisa birika, halina kitu.

Baba Daktari akatoa barua mfukoni, akaikung'uta, akampa Bwana Redio.

— Mwalimu, isome. Leo ifikishe mwisho.