Ndoo ya Ethi

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya matofali, kwenye kivuli cha ukuta wa Kinyozi, na mimi ndiye mwenye birika la kahawa, kwa hiyo hakuna neno linalonipita. Mbele ya ubao limeegeshwa karavani la mwanangu wa mwisho, zile nyumba za bati zenye magurudumu ambazo watu huzikokota nyuma ya gari. Alilinunua kuukuu, akalileta hapa aishi na mkewe, na umeme wanaupata kwa waya mrefu unaotoka dukani kwa Kinyozi. Mkamwana wangu ana mimba kubwa. Miguu imemvimba hata viatu havimwingii, anatembea peku. Asubuhi hiyo alinijia amekunja uso: “Mama, mlango umening'ata tena.” Na siku yenyewe ndiyo mama yake mzazi alikuwa njiani kuja kuona mwanawe anaishi wapi. Akiikuta nyumba inayong'ata watu, atamchukua akajifungulie kwao, na mimi mjukuu wangu nitamsikilizia kwenye simu. Nikalitua jambo hilo kijiweni pamoja na vikombe.

— Haiwezekani, alisema Volti, fundi wa redio, ambaye ndiye aliyeunganisha umeme ule. Bibi, pale nimeweka ethi. Waya umetoka kwenye bati la nyumba, umeingia kwenye fimbo ya shaba, na fimbo imesimama kwenye udongo. Umeme ukikosea njia, unashuka chini. Hauna haja na mtu.

— Udongo wa kwenye ndoo, nikasema.

— Udongo ni udongo, Bibi! Nyumba ina magurudumu. Leo iko hapa, kesho iko kwingine. Nikiipigilia fimbo ardhini, si nitakuwa nimeifunga kama mbuzi? Ndoo inabebeka.

Hapo niseme ukweli, siku alipoileta ile ndoo ya plastiki kijiwe kizima kilimpongeza. Breki, dereva wa lori mstaafu, alimshika mkono mara mbili. Tena kuku walipoanza kuparua ule udongo, Kinyozi alitoa kreti la soda ndoo ikapandishwa juu.

— Twendeni tukaupime huo mlango, alisema Breki.

Wakaenda wote watatu na kandambili zao za mpira. Breki akabandika kiganja kizima kwenye bati. Kinyozi akabandika viwili. Volti akaegemea na mgongo, akafumba macho kama mtu anayeota jua.

— Kimya! akasema Breki. Shemeji, mlango huu mpole kuliko mimi.

— Shemeji yangu, akajibu mkamwana wangu akiwa mbali, basi lala humo wewe.

Wakarudi kukaa. Nikamimina tena.

— Mimi nadhani ni mimba, alisema Kinyozi. Mwanamke akikaribia, hata upepo unamwuma.

— Nilibeba saba, nikamwambia, na hakuna mlango ulionigusa. Sema lingine.

— Basi udongo umechoka. Ule una mwaka mzima haujabadilishwa. Oili ya gari inabadilishwa, sembuse udongo unaomeza umeme usiku na mchana?

Breki akaweka kikombe chini.

— Volti, udongo ule uliuchota wapi?

— Nyuma ya gereji.

— Ahaa! Udongo wa gereji umekunywa grisi. Umeme ukifika pale unateleza, unarudi juu, unakaa mlangoni.

— Umeme unateleza?

— Mimi nimeendesha lori maisha yangu yote. Usinifundishe kuteleza.

— Mimi nasema tatizo ni matairi, Kinyozi akaingilia. Yamejaa upepo. Upepo unazunguka mle ndani, unaukoroga umeme.

— Tutoe upepo?

— Tutoe nusu. Tuone utakuwa na tabia gani.

— Hamna mnalojua! akafoka Volti. Nyumba ile imetoka mbali. Umeme wake haujauzoea udongo wa huku. Tukichota udongo wa kule ilikotoka, tukachanganya na huu…

Wakainama, vichwa vitatu pamoja. Marehemu mume wangu alipikia mafundi wa barabara miaka mingi, na kila alipoona wanaume wamezunguka kitu kimoja na wameanza kukubaliana, alikuwa akininong'oneza: “Mama watoto, sogeza watoto.” Nikamvuta mkamwana wangu akae karibu yangu.

Nilipogeuka, mkwe wangu, mama yake binti huyu, ameshafika. Hata hodi sikuisikia. Kikapu ameweka chini, viatu amevivua vizuri kama mgeni mstaarabu, yuko peku mbele ya karavani na mkono umeshanyooka kugonga.

— Mkwe wangu, usiguse! nikapiga kelele hadi birika likaniponyoka.

Akabaki na mkono hewani.

— Kuna nini?

— Mlango unang'ata, Mama, alisema binti yake.

— Hauna tatizo, Mama, alisema Volti, akasimama na kujifuta mikono kwenye suruali. Ethi ipo. Umeme ukikosea njia, unapita kwenye ule waya, unaingia kwenye fimbo, fimbo inaushusha kwenye udongo.

Mkwe wangu akaitazama ndoo. Akaizunguka. Akaipiga kofi ubavuni kama anayechagua tikiti maji. Akachungulia chini yake, akaliona kreti.

— Haya, umeshafika kwenye udongo wa ndoo, akauliza. Kutoka humu unapita wapi?

Volti akaitazama fimbo. Breki akamtazama Kinyozi, Kinyozi akaitazama ndoo, kisha wote watatu, pole pole, wakatazama kandambili zao. Halafu wakaitazama miguu ya mkamwana wangu.

Kinyozi akaondoka bila kuambiwa. Tukasikia plagi inachomolewa dukani, na redio iliyokuwa inaimba ndani ya karavani ikanyamaza. Volti naye akaivuta fimbo kutoka kwenye udongo, taratibu, akaishika kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake.

— Kesho nitamleta fundi wa umeme, akasema. Fundi wa umeme kweli.

— Na hiyo igongwe ardhini, alisema mkwe wangu. Siku ya kuhama mtaing'oa, ina mizizi?

Akachukua kikapu chake, akaja kukaa kwenye ubao, palepale alipokuwa amekaa Breki.

— Nilikuja kumchukua mwanangu, akaniambia. Sasa naona wa kuangaliwa ni nyinyi. Kwako kuna pa kulala wawili?

— Hata watatu, nikasema, nikiliangalia lile tumbo.

— Basi nimiminie kahawa.

Nikaliokota birika, nikaliinamisha juu ya kikombe chake. Likatoa tone moja. Kahawa nyingine yote ilikuwa chini, imeshanywewa na udongo, nao umefunga mdomo.