Mtoto wa Pili Kwenye Kioo

Ndugu wafiwa, majirani, mafundi wenzake, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mpendwa wetu, familia inaomba utulivu wenu ili isome historia fupi ya maisha yake, ambayo mwenyewe aliagiza isipakwe rangi, kwa maelezo kwamba amekwisha kusikia marehemu wengi wakisifiwa mpaka waombolezaji wakageuka kulitazama jeneza upya, kuhakikisha hawakukosea msiba.

Alizaliwa alfajiri ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, na tarehe 20 Julai mwaka huohuo, katika chumba cha pili cha nyumba hiyo, mama yake mdogo naye akajifungua mtoto wa kiume. Wavulana hao walilala kitanda kimoja na kushonewa mashati ya kitambaa kimoja, ila mmoja alikuwa mzito wa kuondoka na mwenziwe hakai chini, basi nyumba ikawaita Taratibu, ndiye marehemu, na Chapu, na majina yakawaganda. Kazi yao ya kwanza duniani ilikuwa kulinda nafaka iliyoanikwa uani, Chapu akiwatimua kuku kutoka mlangoni, Taratibu akiwangojea penye pengo la uzio, na bibi yao alikuwa akisema kwamba ukimtoa mmoja kati ya hao wawili, kuku watashiba.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, na sekondari kuanzia 1980 hadi 1983, na kwa miaka yote hiyo Chapu alishika nafasi ya kwanza na marehemu ya pili. Nafasi ya kusoma ng'ambo ilipotokea mwezi Septemba 1984, ilikuwa moja, ikaenda kwa Chapu. Marehemu ndiye aliyembebea sanduku hadi uwanja wa ndege, akarudi nyumbani akisema mkono unamuuma, na mkono huo uliendelea kumuuma kwa miaka mingi, hasa siku ilipofika barua kutoka ng'ambo.

Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1986, akaajiriwa tarehe 2 Februari 1987 katika karakana ya televisheni iliyo mkabala na soko la nguo, na huko, mwaka 1989, alijinunulia kompyuta ya nyumbani iliyokwisha tumika, zile za zamani zilizochomekwa kwenye televisheni, akajifunza peke yake kuandika michezo ya kompyuta. Alikuwa bado anajikongoja pale Aprili 1991 ilipofika diski ya mchezo aliouandika Chapu, mchezo wenye sanduku la rangi, uliouzwa madukani. Familia ilikusanyika karakana kuutazama, na kwenye kioo cha televisheni pakaonekana uani, nafaka imeanikwa, kuku wanakuja, na mtoto mwenye fimbo akiwatimua. Mtoto alikuwa mmoja.

Marehemu hakuuliza mwingine yuko wapi. Aliangalia jinsi mchezo ulivyokuwa mzito, muziki wake ukijivuta kama mlevi anayepanda ngazi, na mkanda mweusi umekaa juu ya picha na mwingine chini, kisha akacheka, akatangaza mbele ya wote kwamba Chapu alivuka bahari kwenda kusomea uvivu. Waliomjua waliona kwamba ni meno tu yaliyocheka. Tangu siku hiyo kila mteja aliyesubiri redio yake alionyeshwa mchezo huo, apate kushuhudia ubovu wake.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 na mama mwenye kibanda cha vitambaa hapo sokoni, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1994 na kijana mwaka 1997. Mama watoto huwaambia mawifi zake kwamba yeye aliolewa mke wa pili, na mke mwenzake ni mwanamume anayeishi ng'ambo.

Mwezi Agosti 1998 mteja mmoja aliyerejea kutoka nchi aliyokuwa akiishi Chapu alileta kompyuta na televisheni ya hukohuko zitengenezwe. Marehemu alipomaliza, akatia diski ya Chapu ili ajaribu mashine, na mchezo ukaruka kama uliofunguliwa kamba, muziki ukachangamka, picha ikajaa kioo chote, mikanda myeusi haipo. Ukweli ni kwamba televisheni za kule zilichora picha mara sitini kwa sekunde, na za kwetu mara hamsini, na michezo ya wakati ule ilicheza kwa kufuata ngoma ya televisheni, kwa hiyo mchezo uliotungwa kule ulipofika kwetu ulipoteza mwendo, na ile mikanda ilikuwa mistari ambayo vioo vyetu vilikuwa nayo na vyao havina. Hesabu hizo marehemu alizijua tangu chuoni, lakini wivu haukumruhusu kuzitumia kuupima mchezo wa Chapu. Siku ile alirudi nyumbani, akasukuma sahani, akamwambia mkewe, "Mama, ule mchezo ni mzuri," kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba, kwa maana ubovu wa mchezo ule ndio uliokuwa ukimpa usingizi.

Hakumwandikia Chapu hata mstari. Badala yake alianza kuuandika mchezo ule upya kwa ajili ya televisheni zetu, mwendo urudi, kioo kijae, na uani asimame mtoto wa pili, penye pengo la uzio. Akaandika, akafuta, akaandika, kompyuta za namna ile zikaisha madukani, watoto wake wakakua wakamcheka, naye hakuacha.

Aligundulika kuwa na maradhi ya figo mwezi Juni 2019, na hali ikawa mbaya mwanzoni mwa mwaka huu wa 2023. Chapu aliwasili tarehe 5 Mei, mvi kichwa kizima, na kabla hajapewa maji marehemu alimwonyesha kwa kidole televisheni ya zamani iliyowekwa miguuni pa kitanda, mchezo alioumaliza ukiwa tayari kiooni. Chapu akaucheza. Kuku walipojaa, akasogeza kiti, kisha akageuka, akasema, "Wawili umewawekaje, kaka? Mimi nilianza na wawili. Kuku wakizidi, picha inakwama, nikalazimika kumtoa mmoja." Marehemu akamjibu, "Hilo la kwangu. Na wewe lala nalo." Kwa wiki mbili zilizofuata Chapu alikuwa akihangaikia swali hilo hata mezani, huku mgonjwa akigeukia ukuta na kutabasamu, na mama watoto anasema hakuwahi kumwona na raha kiasi hicho. Alifariki Ijumaa tarehe 19 Mei, saa nne asubuhi, nyumbani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliopokezana zamu za kumwinua na kumlaza, na mafundi wenzake waliofunga karakana siku tatu bila kuombwa. Shukrani ya mwisho ni ya marehemu mwenyewe, aliyoiacha kwa mkewe isomwe leo, Chapu akiwa amekaa mbele za watu, kwa kuwa akiambiwa faraghani atabisha. Ametaka Chapu aelewe kwamba hakumshinda kwa ufundi. Televisheni zetu, kwa ule uzito wake, hungoja muda mrefu kidogo kati ya picha na picha, na mashine hupata nafasi ya kuchora ambayo kule haikuwapo. Katika nafasi hiyo ndimo alimoingia mtoto wa pili. Anamshukuru kwa kumwambia kwamba tangu mwanzo walikuwa wawili.

Pumzika kwa amani, Taratibu. Leo penye pengo la uzio atasimama Chapu.