Kaburi Ndani ya Mpaka

Gari ilipotoka Kalinzi nilianza rozari, ila masikio hayana mlango. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa akimbembeleza kijana wa kamati ya mazingira ya kijiji. "Elikana, kesho mkutanoni mtapendekeza huo msitu wa hifadhi. Usogezeni mpaka kidogo. Jovita wangu amezikwa ndani." Kijana akasema, "Mama Jovita, mpaka unafuata kijito. Nikiusogeza kwako, kila mtu ataniletea kaburi lake." Mama akajibu, "Kaburi la kuazima watalipata wapi?" Tukacheka. Mama hakucheka.

Elikana akamwambia, "Si wewe uliyelia kwamba chemchemi imekauka? Ukasema msitu ufungwe!"

"Nilisema, wasije wakalima juu ya mwanangu. Sasa nikitaka kupalilia kaburi, nitamwomba nani ruhusa?"

"Utaniomba mimi."

"Na wakichagua mwingine?"

Kijana akatazama nje. Rozari yangu ilikuwa haijatoka fungu la kwanza, Mungu anisamehe.

Tulipofika Mwanga gari ikasimama. Elikana akamshushia mkungu wake wa ndizi, akamtwisha polepole. "Kwa hiyo kesho utanipinga, mama?"

"Maji nayataka, mwanangu," alisema. "Ila kwa kaburi lile, nitakupinga."