Deni la Biira Mwingine

Teksi iliiacha Kasese, na Biira Eseri bado alikuwa anacheka peke yake. Kando yake alikaa askari, jina lake, Lakot, limeshonwa kifuani. "Wewe mama, nini inakuchekesha?"

"Benki imefungua akaunti yangu, afande! Miezi miwili korti iliifunga juu ya deni ya zamani ya pikipiki. Watoto wamefukuzwa shule, mimi nalia tu."

"Ulikopa, hukulipa."

"Mwaka huo nilikuwa darasa la tano! Aliyekopa ni Biira Eseri mwingine. Karani wa korti aliona jina, akafunga."

Lakot hakuridhika. "Basi badilisha jina. Kesho watakufungia tena."

Eseri aliona kama ameambiwa abadilishe mama. "Nibadilishe namna gani? Kwetu Bakonzo, binti wa pili anaitwa Biira. Sikuchagua, nilikuta zamu imefika."

"Hiyo si jina, hiyo ni namba!"

"Ni namba, lakini ni yangu."

Walibishana hivyo mpaka Bwera. Gari liliposimama, mtu akaita kutoka sokoni, "Biira!" Wakaitika abiria wawili wa mbele na muuza ndizi aliyekuwa nje. Lakot akawahesabu kwa kidole, kama yuko kwenye gwaride.

Kwa miezi miwili Eseri alikuwa akishtuka kila alipoitwa. Sasa akaitika kwa sauti kubwa kuliko wote, na wala si yeye aliyekuwa anaitwa.